Soli za Raba Nyeupe

Mji wa Sète, pwani ya Ufaransa, humsamehe mwanamume mambo mengi. Atalewa, atasamehewa. Atatoroka na mke wa muuza chaza, watu watacheka mwezi mmoja kisha watamsalimia tena sokoni kama kawaida. Lakini aanguke mpigo wa kwanza wa mikuki sikukuu ya Mtakatifu Louis, mbele ya mfereji mzima! Hilo halisahauliki. Hilo watamzika nalo.

Régine Scannapieco alilijua hilo vizuri, maana ndilo lililomlisha. Tangu Aprili hadi Oktoba alisimama kwenye pua ya mashua ya watalii, kofia ya ukili kichwani na kipaza sauti mkononi, akiuuza mji wake kwa maneno. Aliwaonyesha kilima cha Saint-Clair na kuwaelekeza wapi pai la pweza halijalala. Aliwaambia wakifika Agde wasiliogope kanisa lile jeusi, ni mawe tu, na wakifika Aigues-Mortes wasilambe chumvi ya watu. Watalii walicheka na kupiga picha, jua likiwachoma mabega mpaka yakawa mekundu, na Régine akaendelea, maana mdomo wake ulikuwa mdomo kweli, haukuwa na breki.

Mashua ilipofika pale mfereji unapopanuka, alipunguza sauti kidogo. Hapo ndipo penye mikuki. Mashua mbili, moja nyekundu na moja ya buluu, zinakuja zikitazamana, wapiga makasia wakivuta, zumari na ngoma vikilia. Nyuma ya kila mashua kuna ngazi ndefu inayopaa juu ya maji, na kileleni mwake ulingo wa mbao usiotosha hata kulaza mbuzi. Juu ya ulingo amesimama mwanamume aliyevaa nyeupe tupu, ngao kifuani na mkuki mkononi. Zinapopishana, mkuki unapiga ngao, na asiyeweza kusimama anaoga.

"Na mume wangu Gaétan," Régine alimalizia siku zote, "mji mzima unamwita Nguzo. Tangu aanze mikuki hajawahi kuanguka mpigo wa kwanza. Nyumbani tu ndiko anakoanguka, na mwiko ninao hapa kwenye mkoba."

Watalii hoi. Hata Fanfan, nahodha, ambaye mzaha huo alikuwa ameusikia mpaka ukamkinai, alicheka.

Sasa, mwaka huo, mwezi Juni, Régine alimwona mumewe amesimama katikati ya ngazi za Mtaa wa Juu, mkono ukutani, kana kwamba anausukuma ukuta usimwangukie. Gaétan alikuwa fundi wa injini za meli za uvuvi, mtu wa kifua kipana na shingo nene. Ngazi zile alizipanda tangu utotoni akiwa amebeba hiki na kile.

"Una nini?" Régine alimuuliza.

"Nina mke anayenifuatafuata."

"Gaétan, midomo imekuwa rangi ya bilinganya."

"Joto, mama. Wewe hulioni joto hili? Twende, nina njaa."

Mke hadanganyiki kirahisi hivyo. Wiki hiyo hiyo Régine alipekua, na ndani ya kopo la skrubu, chini kabisa ya sanduku la vifaa, alikuta vidonge. Alivipeleka kwa mfamasia, mwanamke aliyesoma naye tangu wakiwa wadogo. Yule alikitazama kidonge, kisha akamtazama yeye.

"Ni vya moyo, Régine," alisema. "Na si vya mtu anayeanza kuumwa."

Jioni aliviweka mezani, kando ya sahani ya mumewe. Gaétan alivitazama, akatafuna mkate wake mpaka ukaisha.

"Haya, umenikamata," alisema. "Moyo una kasoro. Oktoba watanifungua huko Montpellier, watabadilisha kipuri, watafunga. Kazi ya kawaida. Mimi fundi, nayajua mambo hayo."

"Kwa hiyo mikuki mwaka huu hakuna."

"Mikuki mwaka huu ipo."

"Wewe mtu una wazimu? Utafia ulingoni!"

"Kuna mahali pabaya zaidi pa kufia. Foleni ya posta, kwa mfano."

Alimlilia, alimtukana, alimnunia siku mbili mfululizo. Alimwambia angoje tu mwaka mmoja, apone, kisha apande ulingoni mpaka achoke. Gaétan alimbusu paji la uso na kwenda kufanya mazoezi. Cheti cha daktari, ambacho waandaaji hawampandishi mtu bila kukiona, alikipata. Wapi, hakusema, na Régine alijua hatasema.

Basi akamwendea mama mkwe. Mama Concetta aliishi ghorofa ya chini, mjane wa mshindi wa Mtakatifu Louis. Ngao ya marehemu ilining'inia juu ya meza ya kulia, na mgeni aliyeketi bila kuitazama hakutiliwa kahawa. Bibi huyo alikuwa akimenya njegere. Alimsikiliza mkwewe mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mume wangu alipanda na mbavu mbili zimevunjika," alisema. "Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa."

"Huu ni moyo, mama. Si mbavu."

"Moyo! Tangu uingie nyumba hii unao huo moyo wako laini kama siagi, sasa unataka kutugawia sote." Akatupa ganda ndani ya bakuli. "Mwanangu hajawahi kushinda. Baba yake alishinda, yeye hajashinda. Lakini mpigo wa kwanza amesimama. Kila mwaka amesimama. Unataka nimwambie ashuke?"

"Nataka umwambie aishi."

"Kazi ya mke ni kupaka soli na kukaa kitako atazame. Ukishindwa kutazama, fumba macho. Mimi nilifumba mara nyingi tu."

Kupaka soli, ndiyo. Katika nyumba ile, asubuhi ya mapambano mwanamume hakugusa nguo zake. Mke ndiye aliyepiga pasi suruali nyeupe na shati jeupe, ndiye aliyezipaka raba dawa nyeupe ya viatu mpaka zikang'aa. Kisha alichukua donge la utomvu mkavu wa msonobari, akausugua kwenye soli mpaka zikanata, ili miguu ishike mbao za ulingo, maana mbao zile hurushiwa maji siku nzima. Concetta alimpakia mumewe. Siku ya harusi alimkabidhi Régine donge la utomvu ndani ya leso. "Nakupa miguu yake," alimwambia. Na Régine alimpakia Gaétan miaka yote hiyo, wala hata siku moja mguu haukuteleza.

Kumshtaki kwa waandaaji? Hilo alilifikiria. Lakini mke wa Sète anayekwenda kumshusha mumewe ulingoni kwa maneno, bora ahame. Gaétan asingemwangalia tena usoni. Na tena angepata njia nyingine, mkaidi yule. Akaliwaza jambo usiku na mchana, huku akiwaonyesha watalii makanisa na fukwe, mpaka wazo likamjia mchana kweupe, akiwa anasimulia mzaha wake ule ule wa Nguzo. Akanyamaza katikati ya sentensi. Fanfan akageuka.

"Vipi dada, umemeza nzi?"

"Nimesahau," alisema Régine.

Hakusahau. Alikuwa amehesabu tu jambo rahisi: mshindi hupigana mara nyingi jioni ile, na kila mpigo ni kama kugongwa na mlango wa chuma kifuani. Ni mipigo ile mingi ambayo ingemwua. Anayeanguka mpigo wa kwanza anaoga, anacheka kidogo kwa aibu, anakwenda nyumbani. Anaishi. Oktoba inafika, wanamfungua, wanabadilisha kipuri.

Asubuhi ya siku yenyewe, Gaétan akiwa bafuni anaimba vibaya, Régine alipiga pasi suruali. Akapiga pasi shati. Akazipaka raba dawa nyeupe, akaziweka mapajani soli zikitazama juu. Donge la utomvu lilikuwa mezani ndani ya leso yake. Hakuligusa. Alichukua sabuni ya mche, ile ya Marseille ya kufulia, akailowesha kidogo na kusugua. Alisugua soli zote mbili mpaka sabuni ikaingia kwenye kila mstari, akaziacha zikauke, zikawa laini kama shavu la mtoto. Alijiambia: aibu haiui mtu.

"Tayari?" Gaétan aliuliza, akinyoosha miguu avalishwe, maana hiyo pia ilikuwa desturi.

"Tayari."

"Umepaka vizuri?"

"Lini nimepaka vibaya?"

Akacheka, akamfinya shavu. "Leo utaniona," alisema. "Leo nitazame vizuri, Régine. Usifumbe macho kama mama."

Alasiri mfereji ulijaa watu mpaka madirishani. Jua la Agosti lilikuwa likipiga bila huruma. Régine alikaa kwenye viti vya ngazi kando ya Concetta, ambaye alijipepea kwa nguvu na kuwatukana wachezaji wa miji ya jirani kwa majina ya baba zao. Nguzo alipotajwa, watu walisimama. Dhidi yake alikuwa Loris, kijana wa Frontignan, mrefu, mwenye shingo ya ndama.

Gaétan alipanda ngazi ya mashua nyekundu. Katikati alisimama, mkono mmoja kifuani. Watu walidhani anasalimu, wakapiga makofi. Régine peke yake ndiye aliyejua.

Zumari likalia. Makasia yakavuta. Mashua zikakaribiana, na mkuki wa Loris ulikuwa haujaigusa ngao sawasawa, mguu wa nyuma wa Nguzo ulipochomoka. Ulichomoka tu, kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Mikono ikaruka hewani, ngao ikampiga kidevu, na mtu mzima yule, kilo zote zile, akashuka majini kiuno kwanza.

Kisha kicheko. Jamani, kicheko cha watu elfu! Kilipita juu ya mfereji kutoka ukingo hadi ukingo. Mtu alipiga kelele, "Nguzo ya mkate!" na upande wa pili wakadakia. Hata wapiga makasia walicheka, waliomjua tangu utoto.

Régine alisimama mpaka alipokiona kichwa chake kikitokeza majini. Yu hai. Alifurahi, Mungu amsamehe. Furaha ile ilimjaa kifuani mpaka machozi yakamtoka, na Concetta kando yake alikuwa ameacha kujipepea.

Walimvuta mpaka ukingoni, karibu kabisa na pale walipoketi. Gaétan alisimama juu ya jiwe la gati, maji yakimchuruzika. Chini ya raba zake kulikuwa na povu. Povu jeupe, jingi, likisambaa juu ya jiwe kila alipohamisha mguu. Aliinama akalitazama. Akainua macho, akamtafuta mkewe kati ya nyuso zile zote, akamwona. Kisha, polepole, akaburuta mguu juu ya lile povu, huku na huku, mpaka likachanganyika na maji ya mfereji na kuisha.

"Uzee, rafiki zangu!" aliwaambia watu waliomzunguka, kwa sauti kubwa. "Goti limekataa. Mnicheke, mnayo haki."

Concetta alikuja kwa fimbo yake. "Ulipakwa soli?" alimuuliza mwanawe.

"Nilipakwa, mama. Goti ndilo lililokosa."

Bibi alimtazama Régine kwa muda, akaondoka peke yake.

Jua lilikuwa halijazama walipofika nyumbani. Gaétan alikaa barazani, miguu peku. Chini yao bandari, meli na mabango ya sherehe, na muziki ukipanda mpaka juu. Régine alimletea divai. Alimngojea ampigie kelele, akataka ampigie kelele.

"Ni ile ya mche?" Gaétan aliuliza. "Au ya maji?"

"Ya mche."

"Nilijua. Ilinukia nguo za Jumatatu, siku yako ya kufua." Akanywa kidogo. "Umenimaliza, Régine."

"Nimekuokoa! Ungekufa pale juu mbele ya macho yangu, na mimi nimekaa na pepeo! Nichukie ukitaka. Oktoba wakikufungua, ukapona, nichukie mpaka uzeeni, nitafurahi."

Gaétan alimaliza divai. Alikizungusha kikombe mkononi.

"Hakuna Oktoba," alisema.

"Nini?"

"Hawanifungui. Waliniambia tangu majira ya kuchipua. Moyo umechakaa wote, hakuna kipuri cha kubadilisha. Daktari aliniambia huenda Krismasi nisiione. Nipumzike, nisipumzike, ni ile ile." "Nilitaka mara moja tu. Nisimame mara moja tu ya mwisho, ukinitazama. Hata kama ingekuwa pale pale, Régine. Hasa kama ingekuwa pale pale."

Régine alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakusema lolote juu ya wawili wanaofichana, kila mmoja kwa mapenzi.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza.

"Ungenililia miezi yote hii kama maiti. Nilitaka unigombeze kama mume." Akamwekea mkono kichwani, mkono mzito wa fundi. "Na wewe, mbona hukuniambia juu ya sabuni?"

Régine alilia mpaka muziki wa bandarini ukabadilika mara kadhaa, na Gaétan alimwacha alie.

Wiki ile Régine alirudi kazini, maana kazi haijui msiba wa mtu. Mashua ilipofika pale mfereji unapopanuka alikaza sauti, akaeleza mashua nyekundu na ya buluu, akaeleza ulingo. Mtalii mmoja, kijana mchangamfu, aliinua simu yake.

"Madam, huyu ni nani? Tumecheka hotelini mpaka tumeumwa mbavu!"

Kwenye kioo mguu ulichomoka, mikono ikaruka, kicheko kikapasuka. Kisha ikarudia. Mguu, mikono, kicheko.

"Ni mume wangu," Régine alisema kwenye kipaza sauti.

Mashua nzima ikacheka, wakidhani ni mzaha. Fanfan hakucheka. Aliwasha injini kwa nguvu na kuigeuza mashua kabla ya wakati, na hakuna aliyemdai sehemu iliyobaki ya safari.

Gaétan hakutoka sana baada ya hapo. Akienda kununua mkate, watoto walitelezesha miguu nyuma yake. Mkahawani wenzake walimwita Sabuni, bila kujua lolote, kwa sababu tu ya alivyoteleza. Aliitika. Alicheka pamoja nao, akarudi nyumbani akalala ubavu mmoja, uso ukutani. Kwa Régine hakuwahi kusema neno baya hata moja. Laiti angesema! Angempa kitu cha kujitetea nacho. Badala yake alimsifia supu, akamuuliza watalii wa leo walitoka wapi.

Alifariki Novemba, asubuhi, mvua ikinyesha baharini, akiwa amekaa kwenye kiti anajaribu kuvaa soksi.

Mchezaji wa mikuki huzikwa na nguo zake nyeupe. Régine alipiga pasi suruali, akapiga pasi shati. Raba zilikuwa kabatini tangu Agosti, hakuna aliyezigusa. Concetta alikuwa ameketi kando ya kitanda, mikono juu ya fimbo aliyoigongagonga sakafuni, amevaa nyeusi aliyoizoea tangu zamani. Wanawake wa mtaa walikuwa wameteremka kutengeneza kahawa, wamebaki wawili tu na marehemu.

Régine alileta beseni la maji na kitambaa. Akaziweka raba mapajani, soli juu, akaanza kuzisugua.

"Soli za maiti hazisuguliwi," Concetta alisema. "Anakwenda kusimama wapi?"

Régine aliendelea kusugua. Na povu likatoka. Miezi yote ile kabatini, na bado likatoka, jeupe, likimtiririka vidoleni na kuanguka ndani ya beseni tone kwa tone. Safari hii hapakuwa na mguu wa kulifuta. Alisugua kwa haraka zaidi, na likazidi. Harufu ya nguo za Jumatatu ikajaa chumbani.

Fimbo ya Concetta iliacha kugonga sakafu.

Régine hakuinua kichwa. Alingoja kelele, alingoja fimbo mgongoni. Alimsikia bibi akiinuka kwa shida, akatoka. Alimsikia akishuka ngazi, droo ikafunguliwa chini, kisha ngazi tena, moja baada ya moja, na pumzi ndefu katikati.

Concetta alirudi na taulo na donge la utomvu, lile la kwake, jeusi kwa uzee, lenye alama za vidole vyake. Alimwaga maji ya beseni dirishani, akazikausha soli mwenyewe, moja, ya pili, akazirudisha mapajani mwa mkwewe.

"Shika," alisema. "Safari hii paka vizuri."